Mke wa Mpiga Picha Hana Picha

Ukitaka kumjua Mjomba Kidevu, usimuulize mwenyewe. Atakujibu mpaka chai ipoe, na akimaliza utaondoka ukiamini kwamba kamera ilivumbuliwa kwa ajili yake. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alilipata kazini, kwa kuwapigia watu kelele, "Kidevu juu! Juu zaidi! Hapo hapo, usimeze mate!" Basi ingia sebule yoyote ya mtaa ule uangalie ukutani: babu anatazama dari, bibi harusi anatazama dari, na kichanga kisichojua hata kukaa nacho kinatazama dari kana kwamba kuna mjusi. Hiyo ndiyo saini yake, husema. Wengine huandika jina pembeni ya picha, yeye huacha kidevu.

Shule aliiacha mapema, au, kama anavyosimulia mwenyewe akiwa amechangamka, shule ndiyo iliyomwomba apumzike. Lakini kwenye mambo ya mwanga na kivuli hakubali kukalia mkeka mmoja na mtu. Studio yake ni chumba cha mbele cha nyumba. Mna pazia la bluu lenye doa la soda, stuli iliyowekewa kifuniko cha chupa chini ya mguu mfupi, na meza yenye kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa kama bi mkubwa anayeogopa vumbi. Ubavuni pa kompyuta zimepangwa diski za kuhifadhia, moja juu ya nyingine, kama miche ya sabuni. Humo ndimo zilimo picha zake zote, za dijitali na zile za filamu za zamani, ambazo alizipitisha kwenye skana moja moja mpaka skana ikaanza kukohoa. Ni maelfu juu ya maelfu.

"Hii ni maktaba," huwaambia wageni, akizipapasa zile diski. "Nyinyi simu zenu zimejaa picha mpaka hamuioni hata ya jana. Kwangu kila picha ina lebo. Naandika neno moja tu hapa, picha inakuja mbio kama mbwa aliyeitwa kula."

Habari za lebo alizipata kwenye semina ya wapiga picha. Mwezeshaji aliwaeleza kwamba picha isiyo na maneno ya kuieleza ni kama mtoto aliyepotea sokoni na hajui jina la baba yake, kwa hiyo kila picha iandikiwe maneno machache ya kuitafutia: yumo nani, ni wapi, ni lini, wanafanya nini. Mjomba Kidevu aliisikia vizuri sana ile habari ya mtoto na soko. Sehemu ya nani na wapi na lini ilimkuta amesinzia, kidevu kifuani, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akarudi nyumbani na nusu ya elimu, akajifungia, akaanza kuzipa picha zake lebo kwa bidii ya mchwa. Hakuna aliyechungulia kuona anaandika nini. Nani angemkagua bingwa?

Mkewe alikuwa mkunga katika wodi ya wazazi ya hospitali ya mji. Mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, asiyependa makelele, ambaye mikono yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwashika watu wengi wa mji ule, wakiwemo baadhi ya wale ambao leo wana vitambi na vyeo.

Sasa, katika wodi ile mna korido ndefu, na kwenye ukuta wa korido hutundikwa picha ya kila mkunga aliyestaafu. Lakini kuna sharti. Matroni aliyeanzisha jambo hilo alisema picha iwe ya siku za kazi, isiwe ya siku ya kuaga. "Siku ya kuaga kila mtu katoka saluni," alisema. "Hapa ukutani nawataka waliofanya kazi." Matroni wa sasa hajalilegeza sharti hilo hata kidogo. Ambaye hana picha ya namna hiyo hutundikiwa fremu yenye kadi iliyoandikwa jina lake, basi.

Siku moja mkunga alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akanywa kikombe cha maji akiwa amesimama kama kawaida yake, halafu akasema, "Baba watoto, mwisho wa mwezi naaga. Matroni anataka picha yangu. Ya zamani, nikiwa na sare."

"Picha?" Mjomba Kidevu akacheka mpaka stuli ikalia. "Mama watoto, umekuja kisimani unaulizia kama kuna maji? Kesho, kabla chai yako haijaisha, ziko mezani. Shida yako itakuwa kuchagua."

"Haya."

Lakini hakuondoka. Alikizungusha kile kikombe mkononi.

"Unajua, wale niliowapokea mimi, sasa wanakuja wenyewe kujifungua. Wananipita pale koridoni hawanijui. Si kitu, hata sitaki wanijue. Ila nikishaondoka, ningependa niwe pale ukutani, wanapopita." Akaangalia pembeni, akajichekea. "Basi tu. Nisiwe kadi. Na ile picha ya kitambulisho siitaki kabisa. Nimetoka kama mtu aliyekamatwa na baiskeli isiyo yake."

"Kadi? Mke wangu mimi? Kadi?" Mjomba Kidevu akajipiga kifua. "Nenda kalale."

Asubuhi yake akakaa mbele ya kompyuta, akavua kile kitambaa kama bwana harusi anayefunua shela, akavunja vidole, akaandika: mkunga. Kompyuta ikatafuta, ikajibu kwamba hakuna.

Akaandika: mke. Hapo wakamiminika! Mke wa mwenye duka. Mke wa fundi bomba. Mke wa pili wa fundi bomba. Mke wa yule bwana. Mke wa yule bwana tena. Wake wa mji mzima walijipanga kwenye kioo, wote wanatazama dari; wa kwake mwenyewe tu ndiye hakuwemo.

Akaandika: wangu. Ikaja lebo ya "mteja wangu mzuri" na ya "mshindani wangu, tazama alivyovaa." Akaandika: nzuri. Kompyuta ikaguna, feni yake ikavuma, kioo kikaganda. Maana hapo ndipo ilipodhihirika bingwa alikuwa akiandika nini muda wote ule. Zilikuwa zimeandikwa "nzuri." "Nzuri sana." "Nzuri kupita ile ya juu." "Hapa nilitisha." "Wengine waje wajifunze." Karibu maktaba nzima ilikuwa barua ya mapenzi kutoka kwa Mjomba Kidevu kwenda kwa Mjomba Kidevu. Yumo nani, ni wapi, ni lini, hakuna. Mwenyewe akisimulia siku hizi husema, "Nilikuwa nimejenga ghala, nikaandika juu ya kila gunia: mwenye gunia ni hodari. Sasa kajue lipi lina mahindi!"

Mkewe akaja na kikombe cha chai, akasimama nyuma yake.

"Bado?"

"Inapasha moto," Mjomba Kidevu akasema, na kwa haraka ya kutafuta pa kujificha akaandika neno lililomjia mdomoni: mama watoto.

Ikaja picha moja tu, safi, kubwa, imejaa kioo kizima. Kuku na vifaranga vyake.

Mkunga aliitazama kwa utulivu.

"Ndiye mimi huyo?"

"Hapana, hii... ulikuwa utani wa kazini."

"Kapendeza. Na kidevu kiko juu." Akanywa funda la mwisho, akaweka kikombe mezani kikiwa hakina kitu ndani, akaenda zake kazini.

Mlango wa pili ilikuwa karakana ya mdogo wake mkunga, mwanamke anayekata vioo na kutengeneza fremu. Huyu ni shemeji yake Mjomba Kidevu, na mnajua mashemeji walivyo. Alikuwa keshatengeneza fremu ya dadake, ya mbao nyeusi, kona zimekaa sawasawa, na kila akipata nafasi aliibeba mpaka mlangoni pa studio, akapenyeza uso wake katikati yake.

"Shemeji, fremu ina njaa."

"Iambie chungu kiko motoni."

"Moto gani huo usiotoa moshi? Andika 'dada.'"

"Dada yako si dada yangu."

"Andika 'mtu anayekuvumilia.'"

"Toka hapa na uso wako huo. Kwanza hiyo fremu imekuzeesha."

Shemeji akacheka, lakini hakutoka. "Shemeji, niambie kweli. Unayo au huna?"

"Ninazo tele. Zimejificha."

Ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kuziogopa zile diski. Aliacha lebo, akaanza kupekua picha moja moja, mchana kutwa, macho yamekuwa mekundu kama ya mpishi. Picha ya harusi yao ilikuwepo, ila ilikuwa ya kabla mkewe hajaanza ukunga. Za watoto zilikuwepo: mwanawe wa kwanza amebebwa na gauni lisilo na kichwa, mwanawe wa pili amekalia mapaja yasiyo na mwenyewe. Kila alipomlenga mtoto, alimkata mama. Kinyozi hajinyoi, watu husema, lakini kinyozi huyu alikuwa amemnyoa na mkewe, shingo na yote.

Basi shetani akaja na wazo, na Mjomba Kidevu hajawahi kumwacha shetani amesimama mlangoni bila kumpa kiti. Alichukua ile picha ya kitambulisho, akakata kichwa. Akatafuta mwili. Alikuwa nao, wenye sare nyeupe, wa muuguzi fulani aliyekuja studio zamani na kupewa lebo ya "huyu alinyamaza vizuri." Akapandikiza kichwa cha huku kwenye mwili wa kule, akalainisha shingo, akaongeza mwanga, akaegemea nyuma, akajisemea kwamba kipaji ni kipaji tu. Mkewe aliporudi akamkuta amekaa kama mwenyekiti.

"Hiyo hapo."

Mkunga akainama mbele ya kioo.

"Mikono hii si yangu."

"Ah, mikono ni mikono, mama."

"Huyu ana kucha ndefu. Kwa kucha hizi ningempokea mtoto wa nani?" Akaisogeza picha kwa kidole. "Umenipunguzia umri, umeniongezea kifua, halafu umenifugia kucha. Ahsante, baba watoto, lakini wenzangu watauliza huyu alikuwa zamu ya nani." Hakupandisha sauti. Angepandisha, Mjomba Kidevu angejua la kufanya, maana kelele ni nyumbani kwake. Mkunga alisema tu, "Basi. Wataweka kadi," akachukua beseni lake la nguo, akatoka uani.

Ndipo mzee mzima akabaki peke yake na kazi zake nzuri, nzuri sana, na nzuri kupita ile ya juu. Nje alisikia nguo zinakung'utwa, moja baada ya nyingine, bila wimbo. Na mkewe hufua kwa wimbo.

Hakukata tamaa kwa heshima. Alikata tamaa kama mtoto, kwa kutafuta kitu cha kutupa. Akaamua kwamba kwa kuwa picha ya zamani haipo, walau afanye nafasi kwenye diski, siku ya kuaga ampige mkewe picha nyingi mpaka achoke, za saluni kama ni za saluni. Na cha kutupa alikuwa nacho. Katika lebo zake mlikuwa na moja aliyoiwekea picha zilizoharibika. Alikuwa hazitupi, kwa kuwa hajawahi kutupa kitu kilichotoka mkononi mwake, lakini alizipiga muhuri wa hasira: kasoro. Na kwa kuwa mtu mwenye hasira hana muda wa kujisifu, humo, na humo peke yake, alikuwa ameeleza kilichomo. "Kasoro, mkono umeingia." "Kasoro, kiwiko." "Kasoro, kiwiko TENA." "Kasoro, kivuli cha mtu kwenye keki."

Akaziita zote, akazichagua zote, akabonyeza kufuta. Kompyuta ikauliza: una uhakika?

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Alichokiona ni picha ndogo ndogo zimejipanga safu kwa safu, na pembeni ya safu ya juu mkono umeshika kitambaa cheupe. Safu iliyofuata, mkono ule ule. Iliyofuata, ule ule, na juu yake kipande cha mkono wa sare, na juu ya sare saa ndogo iliyobanwa kifuani kichwa chini, kama wauguzi wanavyoibana ili waisome bila kuishika.

Akaondoa kidole polepole, kama mtu aliyegundua kwamba amekanyaga nyoka aliyelala.

Kitambaa kile alikijua. Ni shuka nyeupe aliyoitumia kurudishia mwanga usoni mwa wateja, kwa sababu vifaa vya kisasa alisema ni vya watu wasiojua kazi. Na shuka lazima mtu aishike. Miaka yote ile, mkewe akitoka zamu, kabla hajavua sare, alikuwa akipitia kwenye harusi au mahafali alikokuwa mumewe, akaishika. Na mumewe alikuwa akimwambia nini? "Juu! Toa kiwiko! Kiwiko hicho kinaniharibia kazi!"

"Mama watoto!" Sauti ilitoka hata majirani wakageuka. "Mama watoto, njoo! Shemeji, acha nyundo, njoo na wewe!"

Mkunga akaja mbio na povu mikononi. "Umeanguka?"

"Nimeanguka zamani. Njoo uone."

Wakajibana wote mbele ya kioo. Shemeji alikuja na fremu, maana ilikuwa imekuwa kama mkoba wake. Mjomba Kidevu akafungua picha ya kwanza, kubwa. Bwana harusi anatazama dari, na pembeni kiwiko.

"Mnaona?"

"Kiwiko," akasema shemeji.

"Kiwiko cha nani?"

Shemeji akatazama kioo, akamtazama dadake. "Hee!"

"Hiki changu," mkunga akasema. Akafuta mikono kwenye kanga. "Siku hii nilitoka kuzalisha mapacha. Nilikuwa nimelala."

"Umelala wapi, ulikuwa umesimama!"

"Nililala nimesimama. Tazama shuka ilivyoinama."

Kweli shuka ilikuwa imeinama, na pua ya bwana harusi ilikuwa na giza upande mmoja. Mjomba Kidevu alikumbuka vizuri ugomvi alioufanya kwa ajili ya pua ile. Akaisogeza picha haraka.

"Na hapa?"

"Hapa ni kivuli changu kwenye keki. Ulinifokea mbele ya wakwe za watu."

"Nilifoka kidogo."

"Ulisema, 'Nani huyo anakula keki kwa kivuli?' Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka," mkunga akasema, na alikuwa anacheka na sasa, kidole chake chenye unyevu kikipita juu ya kioo na kuacha michirizi. "Tazama, na huu mkono. Hapa nilikuwa na mimba ya wa mwisho. Shuka niliiegemeza tumboni."

Wakaenda hivyo, kiwiko kwa kiwiko, na chumba kikajaa mwanamke ambaye mpaka hapo alikuwa bado hana uso. Shemeji alianza kuingiwa na wasiwasi.

"Dada, wodi nzima itatundika vichwa, wewe tutatundika kiwiko?"

"Nyamaza, bado ziko," akasema Mjomba Kidevu, na hakuwa anajigamba. Lebo iliyofuata ilisema: "Kasoro, kioo." Akafungua.

Ilikuwa picha ya bibi harusi katika chumba cha kuvalia, amekaa kwenye stuli, mwanga laini, shingo imenyooka, dari inatazamwa ipasavyo. Lakini nyuma yake palikuwa na kabati la kioo kirefu, na kwenye kioo palikuwa na ulimwengu mwingine kabisa. Humo alisimama mkunga, mzima, kuanzia kofia mpaka viatu. Sare nyeupe, saa kifuani, mikono miwili imeinua shuka juu kama mtu anayeanika mbinguni. Anacheka. Si ule ucheko wa kuambiwa cheka. Ni ule wa kubana meno na macho yakashindwa, machozi yakakaribia. Kijana, mchovu, mzuri, anacheka.

Mkunga alisogea karibu zaidi.

"Huyu sasa ndiye mimi," akasema.

"Sare unayo, siku za kazi ndizo," akasema shemeji. "Matroni hana la kusema. Lakini dada, mbona unacheka hivyo mbele ya bibi harusi wa watu?"

"Si unaona?"

Wakaona. Mbele ya mkunga, katika kioo kile kile, alikuwa ameinama mpiga picha, mgongo kwake, jicho kwenye kamera, makalio hewani. Na kioo kingine cha ukutani nyuma yao, kilichoonekana ndani ya hiki, kilionyesha mgongo wa mpiga picha wote: suruali yake ilikuwa imeachana mshono kuanzia kiunoni kwenda chini, na ndani yake chupi ya maua ikachungulia dunia.

Shemeji alikaa chini sakafuni bila kupanga. Fremu ilimwangukia mapajani.

"Ilikuwa hivyo tangu saa ngapi?" Mjomba Kidevu akauliza kwa sauti ndogo ambayo nyumba ile haikuijua.

"Tangu asubuhi. Uliposhuka kwenye pikipiki."

"Na hukuniambia?"

"Ungekasirika, ukawaharibia watu harusi. Nilitembea nyuma yako siku nzima na ile shuka. Ulidhani nakufuata kwa ajili ya mwanga?"

Mjomba Kidevu akafikiria siku ile. Alikumbuka alivyotembea kifua mbele katikati ya ukumbi, na jinsi watu walivyokuwa wakimtabasamia, na jinsi alivyorudi nyumbani akaandika kwenye picha nyingine zote za harusi ile: "Hapa walinikubali."

Akakohoa. "Sawa. Picha imepatikana. Sasa nakata hapa, na hapa," akashika kipanya, "anabaki mama watoto peke yake, safi. Yale mengine..."

"Usikate," mkunga akasema.

"Mama, ni hospitali. Kuna watu wagonjwa."

"Ukijikata wewe, mimi nitakuwa nacheka nini? Watasema huyu mkunga alikuwa na kichaa, anachekea ukuta."

"Basi nikuwekee mtu mwingine pale mbele."

"Umeshaniwekea mtu mwingine, alikuwa na kucha." Akamgusa begani kwa mkono ulionuka sabuni. "Baba watoto. Maisha yangu yote ya kazi nimeona watu wanalia. Hii ndiyo siku niliyocheka mpaka nikaumwa mbavu. Nataka hii. Nzima."

Bingwa alijitetea. Akapendekeza giza kidogo juu ya suruali. Akapendekeza ua la plastiki pembeni ya fremu, mahali maalumu. Akataja heshima ya taaluma. Shemeji pale sakafuni, kila akimtazama, alianza kucheka upya. Mwishowe Mjomba Kidevu akaiangalia tena ile sura kwenye kioo, ya mwanamke aliyetoka kusimama usiku kucha kwenye wodi, akaja kusimama siku nzima nyuma ya suruali ya mumewe. Akameza mate, jambo alilowakataza wateja wake wote.

"Tuichape," akasema. "Nzima. Ila tuchague karatasi isiyong'aa sana."

Kabla ya kufunga kompyuta alifanya jambo moja kwa moyo safi kabisa. Aliiondoa ile lebo ya kasoro kwenye picha zote zilizokuwa nayo, kwa mkupuo, akaweka mahali pake: mke wangu. Alijisikia mwema kiasi kwamba alitaka kumwita mtu aje aone. Tatizo ni kwamba si kila kasoro ilikuwa na kiwiko. Mpaka leo ukiandika "mke wangu" katika maktaba ile, unaletewa mkunga, na pamoja naye dole gumba lililoziba kamera, pipa la taka, nusu ya ng'ombe, na mzee mmoja anayepiga chafya. Anazirekebisha moja moja, akiandika yumo nani na ni wapi, na kazi haiendi haraka, kwa sababu kila picha ya kiwiko lazima amwite mwenye kiwiko aje aeleze.

Siku ya kuaga ikafika. Korido ilikuwa imepigwa deki mpaka inateleza. Ukutani wakunga wa zamani walijipanga kwenye fremu zao, nyuso zimekazwa kama watu wanaosubiri kung'olewa jino. Mwisho wa safu, chini ya taa, shemeji akagonga msumari, akatundika ile fremu nyeusi, akashuka kwenye kiti. Matroni, mwanamke mkali ambaye hata sindano humwogopa, akasogea, akavaa miwani, akakagua.

"Ni ya siku za kazi?"

"Ni ya siku za kazi," mkunga akajibu.

Matroni akainamisha kichwa. Akaona sare. Akaona saa. Akaona kilichokuwa mbele ya sare na saa. Mdomo wake ukaanza kupigana na cheo chake, na cheo kikashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta, na wauguzi ambao hawajawahi kumwona meno wakajazana kutazama kipi cha ajabu zaidi, picha au matroni.

Katikati ya kelele hizo alikuwa akipita mama kijana aliyekuwa na uchungu, anatembezwa koridoni taratibu, mkono kiunoni. Akasimama mbele ya picha. Akatazama.

"Huyu dada anamcheka nani jamani?" Kisha akaona. Akaangua kicheko, na kicheko kikakatika katikati, akajikunja. "Yalaa! Msinichekeshe! Inakuja!"

Mkunga alikuwa amevaa nguo za kuagwa, kitambaa kizuri, ushanga shingoni. Palikuwa na keki mezani na hotuba mkononi mwa matroni. Wala hakuvitazama. Alimshika yule mama chini ya kiwiko, akamwambia sikioni, "Pumua, mwanangu. Cheka tu, inamsaidia mtoto kushuka," wakaondoka pamoja kuelekea wodini, na mlango wa bembea ukajifunga nyuma yao.

Wageni wakabaki na keki isiyokatwa. Na Mjomba Kidevu akabaki peke yake, ameegemea ukuta kwa uangalifu mkubwa, ubavuni pa makalio yake mwenyewe, wakati watu wakipita wanatazama picha, wanamtazama yeye, wanarudi kutazama picha, kama watu wanaokokotoa hesabu.

Alivumilia kadiri alivyoweza.

"Shemeji," akasema yule fundi wa fremu kutoka upande wa pili wa korido, kwa sauti ya upole kabisa, "geuka basi, watu walinganishe."

Kutoka nyuma ya mlango wa wodi ilisikika sauti ya mkewe, tulivu, ikihesabu pumzi za mtu. Mjomba Kidevu akashusha pumzi naye. Halafu akageuka.